Msimwite Malaika

Mhadhara uliotolewa Mlali, wilayani Mvomero, kwa makatekista, wazee wa makanisa, walimu na wazazi

Nimeombwa niseme juu ya ubatizo na watu wenye ulemavu wa akili. Mimi si padri wala mchungaji. Ni mwalimu wa elimu maalumu, na kanuni za Kanisa nitakazozitaja nilizisoma kwa sababu wazazi walinijia na maswali ambayo ubao na chaki havikuweza kuyajibu.

Nianze na neno la sifa. Kuanzia hapa Mlali hadi juu Mgeta, jirani mwema akimkuta mama na mtoto asiyesema wala kujifunza kama wenzake, atamfariji: "Usijali mama, huyo ni malaika tu." Linasemwa kwa mapenzi, na mama anaitikia amina. Lakini lifuatilieni neno hilo muone linakokwenda. Malaika hana dhambi, basi abatizwe ya nini? Malaika haandikwi kwenye daftari la jumuiya, hatoi zaka, hapangiwi zamu ya kufagia kanisa. Kwaya haimwiti. Na siku akifa, katekista anauliza kadi ya ubatizo, kadi haipo, basi malaika anazikwa na ndugu wanne na jembe, wakati mwenzake wa nyumba ya pili alizikwa kwa misa na kwaya mbili. Leo nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni kwamba watu hawa tunawaweka nje kwa kuwasifu.

Mtu wa Dodoma akisikia jina Mlali, mawazo yake hayaji kwetu. Yanakwenda Mlali ya Kongwa, kwenye kituo cha Wakapuchini kinachohudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Hongera kwa wajina wetu. Mguu uliopinda unaonekana. Daktari anaunyoosha, anaufunga plasta, mtoto anatembea, watu wanapiga makofi, na mfadhili anapata picha yake. Ulemavu wa akili hauna plasta. Mara nyingi chanzo chake kimeshapita kabla mtu hajatambua: uchungu uliochukua siku mbili nyumbani kwa kuwa njia ya mlimani ilikatika na mvua, mtoto akazaliwa halii, manjano ya kichanga yaliyodhaniwa yataisha yenyewe, malaria iliyopanda kichwani, chumvi isiyo na madini joto iliyoliwa ujauzito mzima, au tofauti ya kromosomu tu, kama ilivyo kwa wenye sindromu ya Down, ambayo haina wa kulaumiwa. Mjini Morogoro viko vituo vinavyowapokea watoto na vijana hawa, kama kile cha Amani na kile cha Mehayo, na kazi yao ni kubwa. Lakini kituo kinafundisha na kutunza. Hakiwezi kuwafanya wawe waumini wa kigango chenu.

Sasa nieleze jinsi mtoto anavyopotea njiani, maana sijapata kuona kikao kilichokaa kikaamua kumfukuza.

Mtoto anafika mwaka mmoja hajakaa. Watu wanaanza kunong'ona. Baba, kama yupo, anaanza kuchelewa kurudi, halafu harudi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo na lawama hubaki huko huko: wanatafuta kuna nini katika ukoo, nani alifanya nini, kaburi la nani halikufagiwa. Wenzake wanabatizwa wakiwa wachanga. Mama anasema moyoni: ngoja apate nafuu kwanza, nisije nikaaibika mbele za watu. Nafuu haiji. Mtoto anavuka miaka 7. Anapofika 9 mama anajipa moyo, anavaa kitenge chake kizuri, anakwenda kwa katekista.

Katekista anauliza umri. Anaambiwa 9. Na hapa katekista hajakosea hata kidogo, maana Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 97, inasema aliyetimiza miaka 7 anadhaniwa kuwa na matumizi ya akili, na kanuni ya 852 inasema aliyevuka utoto na kupata matumizi ya akili afuate utaratibu wa watu wazima, yaani ukatekumeni. Basi anamwandika darasani. Darasa lina Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, amri kumi, amri za Kanisa, sakramenti saba kwa mpangilio. Kwaresima inafika, padri anakuja kuwahoji. Mtoto anatabasamu, anashika kanzu ya padri. Hajibu. "Aendelee mwakani." Mwakani ni vivyo hivyo. Mwaka wa tatu mama harudi, na kwenye daftari la katekista panaandikwa "ameacha".

Hakuna aliyesema hapana. Wote walisema mwakani.

Lakini kanuni ile ile ya 852 ina kifungu cha pili, kifupi, ambacho makatekista wengi hawajasomewa. Kinasema kwamba mtu asiyeweza kujitawala kwa akili yake huhesabiwa kama mtoto mchanga katika suala la ubatizo. Kanuni ya 99 inasema jambo hilo kwa upana zaidi. Maana yake, dhana ya miaka 7 ni dhana tu. Ikionekana wazi kwamba si hivyo, inavunjika. Mtu wa namna hii, awe na miaka 9 au 49, hadaiwi darasa. Kinachotakiwa ni kile kile kinachotakiwa kwa kichanga katika kanuni ya 868: mzazi mmoja akubali, au mlezi, na pawe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani. Na kanuni ya 864, ambayo ningependa kila katekista aikariri badala ya watoto kukaririshwa, inasema anayeweza kubatizwa ni kila mtu ambaye bado hajabatizwa. Mtu. Hakuna kivumishi baada yake.

Wala si jambo jipya lililoletwa na haki za binadamu, kama nilivyosikia mzee mmoja akilalamika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa na agizo hilo hilo. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza swali hili waziwazi akalijibu: wasiokuwa na akili tangu kuzaliwa wabatizwe katika imani ya Kanisa, kama watoto wanavyobatizwa. Kwa hiyo mama yule alipofika kwa katekista wake, jibu lake lilikuwa limeshaandikwa zaidi ya miaka 700.

Basi mtihani huu ulitoka wapi?

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda hadi Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897. Kule Bagamoyo walikomboa watoto waliokuwa watumwa, na wengine walifika wakiwa mahututi. Mtoto aliyetolewa bara, hajui lugha ya padri, homa inamchemsha na hajui hata yuko wapi, alimwagiwa maji, akaandikwa kwamba amebatizwa katika hatari ya kufa. Hakuulizwa amri kumi. Ubatizo wa namna ile unanitia mashaka kwa sababu nyingine, maana hakuulizwa pia kama anataka. Lakini unathibitisha jambo moja: Kanisa lililotuletea ubatizo Uluguru halikuamini kwamba maji yanashindwa kufanya kazi juu ya kichwa kisichoelewa.

Kukariri kulikuja na shule. Upande wa maziwa makuu, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza maandalizi ya miaka 4 kabla ya ubatizo, na sababu yake ilikuwa njema: alitaka mtu akishabatizwa asirudi nyuma. Huku kwetu nako katekisimu ya maswali na majibu ilikwenda pamoja na ubao na kibao cha mkononi. Katekista na mwalimu walikuwa mtu mmoja, asubuhi a-e-i-o-u, jioni "Mungu ni nani?" Aliyejibu alibatizwa. Tangu hapo ubatizo ukawa kama cheti cha darasa la saba: anaupata aliyefaulu. Wazee wetu waliubeba utaratibu huo kwa heshima, na ninauheshimu pia, kwa sababu ulitupatia wasomi wa kwanza wa milima hii. Ila ulikuwa utaratibu wa kuwaandaa watu wazima waliokuwa wanaacha matambiko ya kwao na kuhamia dini nyingine. Haukuwahi kufikiriwa kwa ajili ya kijana asiyeweza kuhesabu vidole vyake.

Kuna habari moja naipenda sana, nayo inatoka Afrika. Agostino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika mnamo mwaka 412 kitabu juu ya ubatizo wa watoto. Ndani yake anamtaja mtu mmoja mwenye ulemavu wa akili, Mkristo. Mtu huyo alikuwa akitukanwa, anachekwa, anaonewa, naye anavumilia yote kama vile hayamhusu. Lakini watu wenye akili zao timamu waligundua mchezo: wakilitukana jina la Kristo mbele yake, anawaka. Anaokota mawe anawarushia. Hata mabwana zake hakuwabagua. Nao walikula mawe.

Tazameni vizuri. Agostino hakumwita malaika. Alimwita Mkristo, tena Mkristo mkali, mwenye hasira, anayehitaji kuambiwa mawe hayarushwi. Mimi niliyekaa na vijana hawa darasani namwelewa Agostino kuliko ninavyoelewa mahubiri mengi. Vijana hawa huona wivu. Huiba embe la mwenzao wakaangalia pembeni. Hupenda mpaka wakakera. Wanajua nani anawadharau hata kama anatabasamu. Wana mema yao na makosa yao, na kumwambia mtu kwamba hawezi kukosea ni kumnyang'anya nusu ya ubinadamu wake.

Agostino huyo huyo, katika Maungamo yake, anasimulia juu ya rafiki yake wa ujanani huko Thagaste. Rafiki alishikwa na homa, akapoteza fahamu, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipozinduka, Agostino, ambaye wakati huo hakuwa amebatizwa, akafanya mzaha juu ya ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Rafiki akamkazia macho kama adui, akamwonya asirudie kama anataka wabaki marafiki. Siku chache baadaye homa ilirudi, akafa. Agostino alikuja kuwa mwalimu mkubwa wa ubatizo katika Kanisa lote la Magharibi, na somo moja alilipata kwa mtu aliyebatizwa bila habari.

Ndugu zangu wa KKKT msifikiri nimewasahau. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther alifundisha kwamba ubatizo hausimami juu ya imani ya anayebatizwa bali juu ya neno la Mungu; imani inaupokea, haiutengenezi. Ni fundisho zuri mno kwa hoja yetu. Na Luther huyo huyo, katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi wake, alisimulia juu ya mtoto wa Dessau mwenye ulemavu mkubwa, akasema mtoto yule ni donge la nyama lisilo na roho, na kwamba alishauri atupwe mtoni. Nalitaja kwa makusudi. Mtu anaweza kuwa na teolojia iliyonyooka kabisa, na bado siku akimwona mtoto mwenyewe, macho yake yakamsaliti. Kwenu ninyi Walutheri na Waanglikana mlango wa ubatizo uko wazi kwa wachanga. Kizingiti chenu kiko kwenye kipaimara. Miaka miwili ya mafundisho, katekisimo kichwani, kuhojiwa mbele ya usharika. Asiyepita hapo hakaribii Meza ya Bwana, na mnajua wenyewe yanayofuata akitaka kuoa. Tanga, kule Irente, Walutheri wenzenu wana shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Nendeni mkawaulize wanavyofundisha.

Kwa ndugu zangu wa makanisa ya ubatizo wa maji mengi swali ni gumu zaidi, na sitalifanya jepesi ili nionekane mwema. Ninyi mnasema aamini kwanza, akiri kwa kinywa chake, ndipo azamishwe. Mtoto mnambariki, mnamweka wakfu, mnangoja afikie umri wa kuwajibika. Nikiuliza juu ya asiyefikia umri huo kamwe, najibiwa: huyo hana hatia, ataingia mbinguni moja kwa moja, haina haja. Nalikubali jibu hilo kwa upande wa mbinguni. Sina mamlaka huko. Lakini mimi nimeuliza juu ya hapa Mlali. Mnampa nafasi mbinguni na mnamkosesha nafasi kwenye orodha ya kanisa. Hashiriki meza, haombewi kama mshirika, hatumwi kazi. Ni yule yule malaika, ila ameingia kwa mlango mwingine.

Kama kukiri ni lazima, basi tuulize kukiri kunafananaje. Katika Matendo sura ya 8, towashi Mkushi anauliza kuna kizuizi gani asibatizwe. Alikuwa na sababu ya kuuliza, maana torati ilimzuia mtu wa hali yake kuingia katika kusanyiko. Filipo hakumtajia kizuizi. Waliteremka majini wote wawili. Mstari wa 37, ambapo Filipo anamwekea sharti la kuamini na towashi anakiri, haumo katika nakala za kale zaidi. Biblia nyingi huuweka kwenye mabano au chini ya ukurasa. Inaonekana mtu fulani, baadaye, aliona ubatizo umetolewa kwa urahisi mno, akaona aongeze usaili. Na katika Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza aliyeteremshwa darini hakusema neno lolote. Yesu aliiona imani ya waliombeba.

Nawafahamu kijana mmoja na mama yake, sitawataja. Kijana ana miaka kama 15. Hajui siku za juma kwa majina. Lakini kigango chao kinagonga rimu la lori badala ya kengele, na likigongwa mara ya kwanza huyu kijana anaacha chochote alichoshika. Anachukua kitenge cha mama yake kwenye kamba, anamletea, anasimama mlangoni uso umeelekea kanisani. Rimu lilipogongwa siku ya katikati ya juma kwa ajili ya msiba, alifanya vilevile, na walipofika akaenda mwenyewe kukaa karibu na jeneza, kimya, yeye ambaye misa nzima ya Jumapili huwa anaguna. Mkiniuliza kama kijana huyu anataka kuwa wa Kanisa, nitawauliza mnataka awaambie kwa lugha gani nyingine.

Mfano huu unanileta kwenye hatari nyingine, na hapa nawageukia wale wanaokubaliana nami haraka mno. Kifungu kile cha kuhesabiwa kama mchanga ni mlango kwa mtu ambaye kweli haelewi. Wengi hawako hivyo. Wenye ulemavu wa akili wengi wanaelewa kiasi, polepole, kwa kurudiarudia, kwa picha na kwa mkono. Mtu wa miaka 30 anayechunga mbuzi, anayejua kila njia ya kwenda mtoni, usimshike kichwa ukamwagia maji kama kichanga huku ukizungumza na mama yake juu yake. Mwulize yeye. Kanuni ya 777 inamtaka paroko ahakikishe wenye ulemavu wa mwili na wa akili wanapewa katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Kadiri inavyoruhusu: haisemi wasamehewe, wala haisemi wafaulu. Akiweza kusema "ndiyo", asubiriwe mpaka aseme, hata kama waumini wanaangalia saa. Akiweza kutikisa kichwa, kitikisike. Asiyeweza kabisa, wazazi na wasimamizi wanajibu kwa niaba yake, kama walivyojibu kwa niaba yenu nyote mliobatizwa mkiwa wachanga, na hakuna aliyewadai ninyi marudio.

Kuna jambo la kuuliza kabla ya yote, na makatekista wengi hulisahau. Wengi wa watoto hawa walizaliwa kwa shida. Hawakulia, walipuliziwa hewa, walikaa wodini. Muulizeni mama: je, nesi au mtu yeyote alimmwagia maji na kutaja Utatu? Katika hatari mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza, na ubatizo huo ni kamili. Kama ulifanyika, haurudiwi. Unaandikwa, na sehemu za ibada zilizobaki zinakamilishwa kanisani. Inawezekana huyo mliyemwambia "mwakani" mwaka baada ya mwaka alikuwa Mkristo wakati wote.

Siku yenyewe, yako mambo madogo yanayoharibu au kutengeneza. Mtoto mwenye usonji, kigelegele na spika vinaweza kumuumiza masikio kwelikweli. Ataziba masikio, atapiga kelele, na watu watasema shetani anatoka. Shetani hayumo, ni spika. Mleteni Jumamosi kanisa likiwa tupu. Aguse maji kwenye beseni, amwagiwe kidogo mkononi na mtu anayemjua, anuse mafuta, aone mshumaa ukiwashwa na kuzimwa. Maji ya baridi ya milima hii mwezi wa saba yanashtua hata mtu mzima. Yapasheni moto, hakuna kanuni inayokataza. Msimamizi awe mtu atakayemtembelea. Huku tumezoea kumtafuta mwenye duka ili alete keki, lakini mtoto huyu atahitaji mtu wa kumshika mkono kwa miaka 40. Na msimfanye onyesho. Asiitwe mbele peke yake, asipigiwe picha na simu 20, padri asihubiri juu yake akiwa amesimama pale.

Baada ya maji, meza. Wakristo wa Orthodox, ambao wako Kenya, Uganda na hapa Tanzania, humbatiza mtoto, humpaka krisma na kumpa komunyo siku hiyo hiyo, awe na akili yoyote. Sisi wa Magharibi tulizitenganisha sakramenti hizo, na mwaka 1910 Papa Pius X akaweka umri wa kama miaka 7 kwa komunyo ya kwanza. Aliushusha, msisahau, kabla yake watoto walingojeshwa zaidi. Maaskofu wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 1995 walieleza kwamba anachotakiwa mpokeaji ni kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, hata kama anaonyesha hivyo kwa ishara au kwa kunyamaza kwa heshima, si kwa maneno. Na mwezi wa Juni 2016 Papa Fransisko alisema hadharani kwamba parokia ama iwapokee wote au ifungwe kwa wote. Kuna watakaosema ni maneno makali. Mimi naona ni hesabu ya kawaida.

Nimalizie na jambo lisilopendeza. Mara nyingi kizuizi halisi hakiko kwenye akili ya mtoto. Kiko kwenye ndoa ya mama, kadi ya michango, na barua ya jumuiya. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo hasaini kwa sababu mama hana ndoa, na hana ndoa kwa sababu baba alikimbia siku alipotambua mtoto yukoje. Hakutoa mchango kwa sababu hawezi kwenda kibarua na mtoto wa kilo 30 mgongoni. Hahudhurii jumuiya kwa sababu jumuiya haijawahi kusalia nyumbani kwake. Halafu tunamwadhibu mtoto kwa kosa la aliyemkimbia. Kanuni ya 868 imesema mzazi mmoja akikubali inatosha. Tumaini la malezi analo bibi, analo mjomba, na katika ukoo wa Kiluguru mjomba si mtu mdogo. Mwiteni, mpeni jukumu hilo mbele ya watu.

Makatekista, nina ombi. Mkirudi vigangoni, chukueni daftari la jumuiya na mpite nyumba kwa nyumba, mkiuliza swali ambalo fomu haina: humu ndani yuko nani ambaye hatujamwona kanisani? Mtaambiwa hakuna. Ulizeni tena kwa upole, na mkubali kukaa. Atakayetolewa chumba cha nyuma, mwandikeni jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, na kama aliwahi kumwagiwa maji. Asiye na barua, iandikeni ninyi. Orodha hiyo mpelekeeni paroko au mchungaji kabla Kwaresima haijaanza, mkiwa na kanuni ya 852, kifungu cha pili, imeandikwa juu ya karatasi, ili mwaka huu asitokee wa kusema mwakani.